Ndugu Aliyefungwa na Dawa

Injili takatifu yasimulia habari ya mtu aliyepooza katika mji wa Kafarnaumu. Mtu huyo hakuweza kwenda kwa Yezu kwa miguu yake mwenyewe. Watu wanne wakamchukua juu ya kitanda chake. Walipofika, nyumba ilikuwa imejaa watu, wala mlangoni hapakuwa na nafasi. Hawakukata tamaa wala hawakurudi nyumbani. Walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha mgonjwa pamoja na kitanda chake mbele ya Bwana. Mwinjili asema kwamba Yezu aliiona imani yao, yaani imani ya wale waliombeba. Akamsamehe mgonjwa dhambi zake, akauponya na mwili wake.

Majina ya watu wale wanne hayajulikani, lakini kazi yao haijakwisha. Katika vijiji vya Nyunzu, kama katika nchi nyingine nyingi, wako watu waliopooza kwa namna nyingine. Dawa za maumivu zimewafunga, nao hawawezi kujifungua wenyewe. Mafundisho haya yawahusu wale wanaowapenda: mama na baba, mume na mke, ndugu, mjomba, jirani. Wamtendee nini mgonjwa wao? Wambebe wampeleke wapi?

1. Jinsi dawa njema inavyogeuka kuwa mnyororo

Tangu zamani za kale watu walijua kwamba utomvu wa mmea mmoja hutuliza maumivu. Utomvu huo ukikauka huitwa afyuni, au kasumba. Katika afyuni waganga walipata mofini, dawa wanayopewa wagonjwa wenye maumivu makali. Kutokana na mofini ikatengenezwa heroini, ambayo watu wa pwani ya Tanzania na Kenya huiita unga. Baadaye viwanda vilitengeneza dawa nyingine zenye tabia ile ile pasipo mmea wowote. Mojawapo ni tramadoli, ambayo vidonge vyake vimeenea sana katika Afrika.

Dawa hizi si mbaya kwa asili yake. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliongea na waganga, akafundisha kwamba mkristu aweza kupokea dawa ya kutuliza maumivu, hata iliyo kali, ikiwa ugonjwa wake wahitaji hivyo. Basi mtu aliyepasuliwa tumbo au aliyevunjika mfupa asiogope kumeza dawa aliyoandikiwa na mganga wa hospitali, kwa kipimo na kwa siku alizoambiwa.

Ubaya huanza pale kidonge kinaponunuliwa sokoni bila karatasi ya mganga. Mmoja ameza ili abebe mizigo mizito bila kuchoka. Mwingine ameza ili aendeshe pikipiki usiku kucha. Mwingine ameza ili asahau. Na katika nchi ya Nyunzu wako wengi wenye mambo ya kusahau. Tangu mwaka 2013 mapigano kati ya Watwa na Waluba yalileta vifo na kuunguza vijiji, na watu wengi walikimbia makwao. Moyo wenye jeraha hutafuta kitulizo. Kidonge chatoa kitulizo cha saa chache, kisha chadai malipo.

Malipo ni haya. Mwili huzoea dawa. Kidonge kimoja kilichotosha jana, leo hakitoshi. Vyatakiwa viwili, halafu vinne. Siku mtu anapokosa, hupiga miayo, macho na pua hutoka maji, jasho la baridi humtiririka, tumbo huharisha, mifupa humwuma, usingizi humkimbia. Hapo hamezi tena ili afurahi. Ameza ili asiteseke. Ndipo huuza kuku wa mama yake na jembe la baba yake, kisha hulia peke yake kwa aibu.

Tena kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Dawa hizi zikizidi kipimo hupunguza pumzi, mpaka pumzi husimama na mtu hufa kama aliyelala. Tramadoli yaweza pia kuleta kifafa. Na mtu akichanganya dawa hizi na lutuku au pombe nyingine, mauti i karibu zaidi.

2. Je, ni dhambi au ni ugonjwa?

Swali hili huulizwa katika kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii. Baba asema: ni mtoto mwovu. Mama asema: ni mgonjwa. Kanisa Katolika lafundisha mambo mawili, wala hayapingani.

Jambo la kwanza: Katekisimu iliyotangazwa mwaka 1992 yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya kuponya ni kosa zito, maana huharibu uzima aliotoa Mungu. Wanaoziuza kwa siri na kuwanasa vijana watenda uovu mkubwa. Jambo la pili: Katekisimu hiyo hiyo yafundisha kwamba mazoea, woga na mengine yanayolemea nafsi yaweza kupunguza hatia ya mtu, hata kuiondoa. Mtu aliyefungwa kamba hahukumiwi sawa na mtu aliye huru.

Waganga nao wathibitisha. Shirika la Afya Duniani lahesabu utumwa huu kati ya magonjwa, kwa sababu dawa hubadili kazi ya ubongo wenyewe. Ndiyo maana kiapo cha mgonjwa, hata akiapa kwa machozi na kwa moyo wa kweli, mara nyingi hakidumu siku tatu. Si kila anayevunja kiapo namna hiyo ni mwongo. Nia anayo, nguvu hana.

3. Mtakatifu aliyefungwa na afyuni

Kanisa lina mtakatifu aliyejua mateso haya. Jina lake Marko Ji Tianxiang, aliyezaliwa katika nchi ya China mwaka 1834. Alikuwa mkristu mwema na mganga mwenye huruma. Aliwatibu maskini bila malipo. Ikawa akaugua tumbo kwa maumivu makali, akameza afyuni, dawa ya maumivu iliyotumika siku zile. Tumbo likapona, lakini afyuni haikumwacha.

Marko aliungama. Akaanguka tena, akaungama tena. Mwishowe padri wake, ambaye kama watu wa siku zile hakujua kwamba huo ni ugonjwa, aliona kwamba Marko hana nia ya kweli ya kuacha. Akamwambia asipokee sakramenti mpaka atakapoacha afyuni. Marko akakaa miaka 30 bila Komunyo. Hakulikasirikia Kanisa, wala hakuacha kusali. Kila mara aliwaona wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana, naye akabaki mahali pake.

Mwaka 1900 waasi waliowachukia wageni na wakristu waliwaua waamini wengi katika China. Marko akakamatwa pamoja na jamaa yake. Yasimuliwa kwamba aliwaomba wauaji wamwue yeye mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa jamaa yake atakayekufa peke yake. Na kwamba aliimba litania ya Bikira Maria mpaka zamu yake ikafika. Aliuawa tarehe 7 Julai 1900. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu, pamoja na wafiadini wengine wa China. Jumla yao ni 120.

Maisha ya mtakatifu huyu yafundisha nini? Kwanza, kwamba Mungu hakumtupa mtu aliyetupwa na wengine kwa sababu ya afyuni. Pili, kwamba sala peke yake haikumfungua Marko kifungo cha mwili. Alisali miaka 30 kwa imani iliyomfikisha kwenye ufiadini, lakini afyuni haikumwacha. Kilichokosekana si imani, bali ni tiba, maana katika siku zake tiba ya kweli haikuwapo. Siku hizi ipo. Basi mtu asimwambie ndugu yake mgonjwa: "Ungekuwa na imani, ungeacha." Maneno hayo yangemhukumu hata mtakatifu.

4. Tiba iliyopatikana

Mwaka 1965 waganga wawili wa mji wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walitangaza tiba ya watu waliofungwa na heroini. Dawa yao yaitwa methadoni. Yenyewe ni ya jamii moja na afyuni, lakini kazi yake ni nyingine. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, kwa kipimo, mbele ya mwuguzi. Nguvu yake hudumu siku nzima, huondoa mateso ya kukosa na tamaa ya kutafuta unga, wala haimlevyi aliyepimiwa vizuri. Mtu hurudia kazi yake na nyumba yake. Wengi huitumia kwa miezi au miaka, kama mgonjwa wa sukari anavyotumia dawa yake kila siku. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima.

Tiba hiyo ilifika pia ng'ambo ya ziwa. Katika Tanzania ilianza mwezi wa Februari 2011 katika hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam, kisha ikaenea katika hospitali nyingine. Kenya ikafuata mwaka 2014 mjini Nairobi, na mwaka 2015 katika miji ya pwani, Malindi na Mombasa. Katika Zanzibar, tangu mwaka 2009, kumekuwa na nyumba ambamo watu waliokwisha kuacha unga huishi pamoja na wale wanaotaka kuacha, na kuwaongoza siku kwa siku. Watu waliokuwa wakilala mitaani, ambao jamaa zao walikwisha kata tamaa, walirudi kula chakula pamoja na watoto wao.

Habari hizi zasimuliwa ili watu wa Nyunzu wajue neno moja: ugonjwa huu unatibika. Methadoni haipatikani katika kila nchi wala katika kila hospitali, na hasa ni kwa watu wa heroini. Lakini kwa mtu wa tramadoli iko njia isiyohitaji dawa ya mbali. Mganga humpunguzia vidonge kidogo kidogo, juma kwa juma, akituliza mateso yanayojitokeza, na kutafuta chanzo chake: kama ni maumivu ya mgongo, ayatibu, kama ni majonzi ya vita, amsikilize.

5. Njia ya kweli na njia za uongo

Mwenye mgonjwa aanze karibu. Ampeleke kwenye kituo cha afya au kwenye hospitali kuu ya Nyunzu, aseme kweli yote: dawa gani, vidonge vingapi kwa siku, tangu lini, pamoja na pombe au la. Aliyezaliwa karibu na mto Lukuga ajua kwamba mtu havuki mto kwa kuficha kina chake. Mganga akiona kwamba ugonjwa wapita uwezo wake, atamwandikia karatasi ya kwenda mbele, Kalemie au mbali zaidi. Shirika la mabruda liitwalo Frères de la Charité lina nyumba za kutunza wagonjwa wa akili katika Kongo, kama SOSAME mjini Bukavu, iliyoanza mwaka 1994, na kituo cha Daktari Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Huyo Guislain alikuwa mganga wa mji wa Gent katika Ubelgiji. Katika karne ya 19 alishirikiana na mabruda hao ili mgonjwa wa akili atunzwe kama mgonjwa, asifungwe kama mhalifu.

Njia za uongo ni nyingi, nazo hujulikana kwa alama zake. Anayeahidi kuponya kwa siku tatu, asadikiwe na nani? Mfumu anayetaka mbuzi kabla ya kuuliza neno lolote, aachwe. Anayemfunga mgonjwa mnyororo mtini, anayempiga, anayemnyima chakula na kusema kwamba anafukuza pepo, anamwongezea jeraha juu ya jeraha. Hata kiongozi wa sala, akiamuru dawa za hospitali zitupwe, amekosa. Kitabu cha Yoshua bin Sira chafundisha kwamba Mungu ndiye aliyemwumba mganga na kuotesha dawa katika ardhi. Anayedharau kipaji hicho adharau mkono uliokitoa.

Tiba ya kweli nayo ina alama zake. Huuliza kabla ya kutoa dawa. Haimtii mgonjwa aibu. Hupima kipimo na kukiandika. Huita jamaa ya mgonjwa na kuifundisha. Haiahidi siku ya kupona, bali hutaja siku ya kurudi.

Neno moja lishikwe na kila jamaa, maana kwa kutolijua wengi wamezika watoto wao. Jamaa wengine humfungia kijana ndani majuma mawili mpaka mateso yapite, kisha humfungulia wakidhani amepona. Lakini katika majuma hayo mwili umesahau dawa, wala tamaa haijafa. Akirudia kipimo chake cha zamani mara moja tu, kipimo hicho chaweza kumwua. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu atokaye gerezani. Siku za kwanza za kuachiliwa ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo siku za kutomwacha peke yake.

6. Pembe nne za kitanda

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja habebi kitanda cha mgonjwa. Mama anayebeba peke yake mwisho ataanguka pamoja na mwanawe. Jamaa wakutane, wagawane pembe.

Pembe ya kwanza ni ukweli. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Wasiseme "ana malaria" wakati wanajua ni vidonge. Waseme naye wakati akili yake imetulia, kwa sauti ya chini, bila matusi.

Pembe ya pili ni busara. Kumpenda mgonjwa si kumpa fedha ya kununulia kidonge. Apewe chakula, apewe mahali pa kulala, asindikizwe hospitalini. Fedha na vitu vya kuuzwa vitunzwe na mwingine. Baba aweza kusema "mali ya nyumba haitaibiwa" bila kusema "wewe si mwanangu tena."

Pembe ya tatu ni saburi. Wengi huanguka mara moja au mara nyingi kabla ya kusimama. Anguko si mwisho wa tiba. Ni siku ya kurudi kwa mganga upesi. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Bwana hakumpa hesabu inayokwisha.

Pembe ya nne ni sala, pamoja na ukaribu. Wamwombee, na wasali pamoja naye akikubali. Wamwalike shambani, kwenye ngoma ya arusi, kwenye Misa. Asiye na kazi wala rafiki, kidonge humwita kwa jina.

Maswali ya kufundishia

Swali: Mtu aliyefungwa na dawa, je, ni mwovu tu?
Jibu: Hapana. Kuanza kwake kwaweza kuwa kosa, lakini amekuwa mgonjwa, naye astahili kutibiwa.

Swali: Je, ni kukosa imani kumpeleka hospitalini?
Jibu: Si kukosa imani. Wale wanne wa Kafarnaumu waliamini, na kwa sababu waliamini walimbeba mgonjwa.

Swali: Je, yafaa kumwachisha tramadoli ghafula?
Jibu: Haifai. Mganga ampunguzie kidogo kidogo, maana kuacha ghafula huleta mateso makali, na mateso humrudisha kwenye dawa.

Swali: Mgonjwa akilala bila kuamka, midomo ikibadilika rangi, pumzi ikawa ya taabu, jamaa wafanye nini?
Jibu: Wamlaze kwa ubavu asisongwe na matapishi. Pumzi ikisimama, wampulizie pumzi mdomoni. Wampeleke hospitalini saa ile ile na kutaja dawa aliyomeza. Waganga wana dawa iitwayo naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi. Aibu isiwacheleweshe.

Swali: Mkatekumeni aliyefungwa na dawa, je, ajitenge na mafundisho?
Jibu: Asijitenge. Amwendee katekista au padri, aseme kweli yote, aanze tiba, aendelee kujifunza. Padri ataamua wakati wa ubatizo. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang alibaki mahali pake kanisani miaka 30, na mahali pale palikuwa njia yake ya mbinguni.

Swali: Na mkatekumeni mwenye ndugu mgonjwa, wajibu wake ni nini?
Jibu: Ashike pembe moja ya kitanda, awaite watatu wengine, nao wasiache kubeba mpaka wafike kwenye tiba.